Dawa za kila siku hazimzuii mwanamke kufanya mazoezi

WANAWAKE wengi wa mijini huianza siku kwa kumeza kidonge cha shinikizo la damu au kisukari, kisha hushinda wameketi: ndani ya daladala, ofisini, au nyuma ya meza ya biashara. Wapo wanaoamini kuwa mgonjwa hapaswi kujichosha. Wapo pia ambao, baada ya wiki chache za mazoezi, huziacha dawa kwa kuwa wanajisikia wazima. Pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo laweza kugharimu maisha.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Ilipofika 2015/16, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 28. Uzito huo huambatana na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Kwamba mazoezi yana nguvu inayokaribia ile ya dawa, na wakati mwingine kuizidi, ni jambo lililothibitishwa. Mwaka 2002 yalitolewa nchini Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari, wengi wao wakiwa wanawake. Waliotumia dawa ya metformini walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 31. Waliopunguza uzito na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki waliupunguza kwa asilimia 58.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, uchunguzi wa wauguzi wanawake zaidi ya 72,000 wa nchi hiyo ulibaini kuwa waliotembea kwa hatua za haraka saa tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo, kwa asilimia 30 hadi 40, kuliko wasiofanya mazoezi.

Kipimo cha ukakamavu

Ukakamavu hupimwa kwa kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia ukifanya kazi ngumu, kikilinganishwa na kile unachotumia ukipumzika. Kwa miaka mingi kipimo cha wanaume ndicho kilichotumika kwa wote. Mwaka 2005 watafiti wa Chicago walitoa kanuni ya wanawake: 14.7, ukitoa 0.13 mara umri. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 45 hutarajiwa kufikia karibu mara tisa ya matumizi yake ya mapumziko. Wanawake wasiofikia asilimia 85 ya kiwango cha umri wao walikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya wenzao.

Tahadhari kwa watumiaji wa dawa

Hata hivyo, dawa na mazoezi huathiriana. Insulini, na vidonge kama glibenklamidi, vyaweza kushusha sukari kupita kiasi wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye. Kutetemeka, jasho jembamba na kizunguzungu ni dalili zake. Mtumiaji hana budi kubeba sukari au peremende na kutofanya mazoezi akiwa na njaa.

Dawa kama atenololi hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo hakutoi picha sahihi ya juhudi. Njia rahisi ni mazungumzo: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko katika kiwango cha wastani. Dawa zinazoongeza mkojo nazo huupunguzia mwili maji na chumvi, jambo la kuzingatiwa hasa wakati wa joto.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni avae viatu vinavyomfunika vizuri na kukagua nyayo kila siku. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni ishara ya kuacha mara moja na kwenda hospitali.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima, wakiwamo wenye maradhi sugu, kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa mujibu wa mwongozo huo, kila mwendo una faida. Kuteka maji, kudeki na kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani ili kutembea, vyote huhesabika.

Shinikizo la damu halina dalili kwa wengi. Kujisikia vizuri si uthibitisho wa kupona. Mazoezi yakizaa matunda, daktari ndiye atakayepima na kuamua kama dozi ipunguzwe. Hadi siku hiyo, kidonge na matembezi viende pamoja.