NGUVU ZA MAJI NA MTO WETU RUVUMA



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, tumeona yafaa kuandika habari za mto upitao kusini mwetu. Sisi wa Nalasi twaujua Ruvuma kwa samaki wake, na kwa kuwa ni mpaka wetu na Msumbiji. Ni wachache wakumbukao ya kuwa mto huo huo, huko juu, hufanya kazi ya umeme.

Nguvu za maji si jambo geni katika nchi hii. Mtambo wa Maporomoko ya Pangani ulianza mwaka 1936. Wa Hale ukafuata mwaka 1964, wenye megawati 21. Na wa Kidatu mwaka 1975. Lakini mitambo hiyo ilikuwa mbali, wala waya zake hazikutufikia. Kwa miaka mingi mji wa Songea ulipata taa kwa mashine za dizeli, na mafuta yaliletwa kwa malori kutoka pwani. Pipa lililokwisha kuchomwa halirudi tena. Bali maji yakipita, mvua huyarudisha.

Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Umeme, na ukawekwa utaratibu wa wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10, kuuza umeme wao kwa TANESCO. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila juu ya mto Ruvuma, wenye megawati 5, na mwaka 2015 ukaanza kupeleka umeme Songea. Kazi yake ni hii: maji huzuiwa mtoni, huteremshwa kwa kishindo, hulizungusha gurudumu, nalo huiendesha mashine ya kufanyia umeme, kisha maji hurudi mtoni. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea, na mji huo ukaungana na gridi ya taifa.

Twapata fundisho gani? Masista hao si Serikali. Ni jumuiya ya watu waliounganisha nguvu zao, kama sisi tukusanyavyo korosho zetu katika ghala moja. Nasi twajua kwamba korosho ibanguliwayo hapa huacha kazi na fedha hapa; isafirishwayo ghafi huvichukua vyote viwili. Kiwanda cha kubangua chahitaji umeme usiokatika, na mkulima mmoja hauwezi mzigo huo.

Hata hivyo, umeme wa maji huanzia msituni. Ruvuma hutoka milima ya Matogoro, karibu na Songea. Mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, nchi iligawiwa umeme kwa zamu. Basi akataye miti penye chemchemi huzima taa ya mwenzake.

Kwa hiyo twauomba mkutano mkuu ujao uzungumze mambo mawili: akiba ya pamoja kwa ajili ya ubanguaji, na ulinzi wa vyanzo vya maji katika kila kijiji chenye chama cha msingi. Hiyo ndiyo kazi ya miaka 10 ijayo.