GPS ya kwenye gari: ijue kabla haijakupoteza



Leo tuongelee kile kidude chenye skrini ambacho watu wanakibandika kwenye kioo cha mbele cha gari, kinaonyesha ramani na kukuambia kata kulia, kata kushoto. Wengi tunakiita GPS tu. Watu wanacho, wengine wameletewa na ndugu walioko Ulaya, wengine wamekikuta kwenye gari la mtumba, ila matumizi yake hawayajui vizuri. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka yaliponikuta.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu alifiwa na mzee aliyemfundisha udereva. Maziko saa kumi alasiri, kijiji kimoja wilaya ya Korogwe, ambako sisi wote wawili hatujawahi kufika. Mjomba akaazima GPS, mimi nikapewa kazi ya kuiangalia kwa sababu "wewe ndiye mtu wa kompyuta". Tulipokaribia, kidude kikasema kata kushoto, tukaingia kwenye mashamba ya mkonge. Njia ikazidi kuwa nyembamba, mwisho tukakuta mtaro mbele, hata pa kugeuzia gari hakuna. Akatokea mzee na baiskeli, akatuambia: "Wanangu, hii ni njia ya matrela ya mkonge, tena ya zamani. Gari ndogo haitokei huku." Kurudi kinyumenyume mpaka tunatoka, saa nzima na zaidi. Tulifika msibani watu wanakunja majamvi. Mjomba hakunigombeza, alisema tu, "Mzee hakunisubiri."

Baadaye nilikaa nacho nikakichunguza. Kifaa hakikuwa kibovu hata kidogo, sisi ndio tulikuwa hatujui kukitumia. Niliyojifunza ndiyo haya, kwa lugha nyepesi.

KINAJUAJE ULIPO?

Juu huko, kama kilometa 20,200 kutoka duniani, kuna setilaiti za Marekani zisizopungua 24. Kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku. Ya kwanza ilirushwa 1978 na mfumo mzima ukakamilika 1995. Zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, na kwa miaka mingi Wamarekani walikuwa wanayachafua mawimbi ya raia makusudi, unaweza ukakosewa kama mita 100 hivi. Walizima uchafuzi huo Mei 2000, na hapo ndipo biashara ya GPS za magari iliposhika kasi. Sasa hivi Urusi wana za kwao (GLONASS), Ulaya wana Galileo, China wana BeiDou, na vifaa vipya vinasikiliza zote kwa pamoja.

Kila setilaiti inatangaza vitu viwili muda wote: saa hizi ni saa ngapi, na mimi niko wapi. Kifaa chako kinapima tangazo limechelewa kiasi gani kufika. Mawimbi yanakwenda kilometa laki tatu kwa sekunde, kwa hiyo ukijua limechelewa kiasi gani umejua umbali. Ukiwa na umbali wa setilaiti tatu unajua ulipo, na ya nne inahitajika kurekebisha saa ya kifaa, kwa sababu saa yake ni ya bei rahisi. Kosa la sekunde moja tu ukiigawa mara milioni moja linakupeleka pembeni mita 300!

Hapo shika mambo mawili:

1. GPS inapokea tu, kama redio. Haihitaji laini, vocha wala bando. Na setilaiti haikuoni, haijui hata kama upo. Kile kifaa wanachofungia mabasi ya mikoani kufuatilia mwendo ni kitu kingine: kinapokea GPS halafu kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Watu wanachanganya sana hivi viwili.

2. Inahitaji kuona anga. Ukiwa sehemu ya wazi inakosea mita chache tu. Ukiwa Kariakoo katikati ya maghorofa, mawimbi yanagonga kuta yanarudi, inaweza ikakuweka mtaa wa pili. Ndani ya maegesho ya chini ya jengo, sahau.

INACHOJUA NA ISICHOJUA

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Setilaiti zinakupa namba tu, yaani mahali ulipo. Barabara hazitoki angani! Barabara zipo kwenye ramani iliyowekwa ndani ya kifaa, na ramani imetengenezwa na watu, mwaka fulani.

Chukua ramani ya 2010. Ukitaka kwenda Kigamboni itakupeleka kwenye pantoni, kwa sababu daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016. Haijui flaiova ya Mfugale pale Tazara (2018) wala daraja la Tanzanite (2022). Ukiwa unatoka Mwanza kwenda Geita itakupeleka kusubiri kivuko Kigongo, wakati daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

Halafu hata ramani mpya haijui mvua. Mto Msimbazi ukifurika, barabara ya Morogoro pale Jangwani imeshafungwa mara nyingi tu. Kidude chako kitaendelea kusema nenda moja kwa moja, kwa sauti ile ile ya upole. Maji hayaonekani kwenye skrini jamani. Yakishapita juu ya barabara, usijaribu.

Wazungu na Wajapani nao yamewakuta. Mwaka 2012 vijana watatu wa Kijapani walikuwa wanatembea Australia, GPS ikawaonyesha njia ya kwenda kisiwani. Wakaingiza gari kwenye tope la bahari maji yakiwa yamepwa, maji yakajaa, gari likabaki humo. Wao walitoka salama. Lakini Marekani mwaka 2009, mama mmoja na mwanawe wa miaka 6 walifuata GPS kwenye jangwa la Death Valley, gari likanasa mchangani kwenye njia isiyopitika. Walikaa siku kadhaa kabla ya kupatikana, na mtoto alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo tusichukulie mchezo.

UKINUNUA AU UKIPEWA ILIYOTUMIKA

- Navigesheni ya ndani ya gari kutoka Japani: mara nyingi inaongea Kijapani na ramani yake ni ya Japani tu. Ndiyo maana gari lako likiwa Ubungo skrini inalionyesha liko baharini. Usipoteze hela kwa fundi anayekuahidi atageuza lugha peke yake, lugha bila ramani haisaidii.

- Ya kubandika kutoka Ulaya: kabla hujatoa hela, fungua sehemu ya ramani uone ni za nchi gani. Ikiwa ni za Uingereza tu, ulichonunua ni saa ya mezani.

- Angalia tarehe. GPS inahesabu wiki mpaka 1,024 (kama miaka 19 na nusu) halafu inaanza tena sifuri. Hesabu ilirudi sifuri Aprili 2019, na baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo havikuboreshwa programu vilichanganyikiwa. Iwashe nje, isubiri ishike setilaiti, halafu tazama tarehe. Ikikuambia uko mwaka mwingine, mrudishie mwenyewe.

- Betri ya kifaa cha zamani haikai. Hakikisha unapewa na waya wa kuchomeka pale pa kuwashia sigara.

Kuhusu ramani: kuna OpenStreetMap, ilianza 2004, inachorwa na watu wa kujitolea na ni ya bure. Dar es Salaam imechorwa vizuri sana humo, kwa sababu kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayofurika. Garmin nyingi zinakubali ramani hizi ukiziweka kwenye kadi ya memori. Faili ni kubwa, kwa hiyo nenda kafe na kadi yako asubuhi wakati mtandao hauna watu wengi.

KUIANDAA KABLA HUJAONDOKA

1. Mara ya kwanza iwashe ukiwa umesimama sehemu ya wazi. Ikiwa imetoka nchi ya mbali au imezimwa muda mrefu, inaweza ikachukua dakika 15 kujua setilaiti ziko wapi. Siyo mbovu, iache tu.

2. Badilisha maili ziwe kilometa. Za kutoka Uingereza nyingi zinakuja na maili.

3. Chagua njia ya HARAKA, usichague njia FUPI. Hapa ndipo tulipoliwa sisi! Njia fupi inahesabu kilometa tu, haijali kama ni lami au njia ya ng'ombe. Mwenye kidude alikuwa ameweka fupi, akidhani anaokoa mafuta. Ikiwa na sehemu ya kukataa barabara za vumbi, washa hiyo pia.

4. Jifunze kuingiza namba za mahali. Kwetu vijiji vingi havimo kwa majina, lakini mtu aliyeko huko akiwa na simu anaweza kukutumia namba kwa meseji. Dar es Salaam ni kama 6.82 kusini na 39.28 mashariki. Tanzania nzima, bara na visiwani, iko chini ya ikweta, kwa hiyo herufi ya kusini (S) ni lazima. Ukiweka ya kaskazini (N) kwa namba hizo hizo, inakupeleka Ethiopia, upande wa milima ya Bale!

5. Tazama njia nzima kwenye skrini kabla ya kuwasha gari. Ukitoka Dar kwenda Korogwe lazima upite Chalinze au Bagamoyo na Msata, halafu Segera. Ukiona mstari unapita pengine, jiulize kwa nini.

NJIANI

- Ibandike chini kwenye kona ya kioo, isikuzibe macho. Fuata sauti zaidi kuliko skrini.

- Usiandike chochote ukiwa unaendesha. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, sekunde 2 za kutazama skrini ni mita 44 umekwenda huoni. Mpe mwenzako, au simama pembeni.

- Haijui vizuri kama uko barabara kubwa au ile ya pembeni, uko juu ya flaiova au chini. Ikisema kata kulia na mbele yako kuna njia ya mwendokasi, macho yako ndiyo yanaamua.

- Njia ikianza kuwa nyembamba, simama MAPEMA, wakati bado una pa kugeuzia. Teremka uulize. Mama anayeuza maandazi pale njiani anaijua hiyo barabara kuliko setilaiti 24.

- Ukiegesha, itoe na ufute ile alama ya duara inayobaki kwenye kioo. Wale wanaong'oa saiti mira wanaijua hiyo alama, wakiiona wanavunja kioo kutafuta kidude ndani. Na jua letu likiipiga kwenye dashibodi siku nzima, betri inakufa.

SIMU AU KIFAA?

Siku hizi simu karibu zote za kisasa zina GPS ndani, na wengi wanatumia hiyo. Ni sawa kabisa, ramani zake zinakuwa mpya zaidi na zinajua hata foleni. Ila kumbuka ramani ya simu inakuja kwa bando. Ukifika porini hakuna mtandao, mshale wako utaendelea kutembea juu ya skrini tupu. Ihifadhi ramani ya eneo lote kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Kifaa chenyewe faida yake ni kwamba ramani nzima imo ndani, na simu yako inabaki na chaji ya kupigia watu.

Mjomba baadaye alinunua ya kwake. Anaipenda, anaiweka hata akienda sehemu anazozijua. Lakini kabla ya safari yoyote ya msiba anapiga simu kwanza kwa mwenyeji: "Nikishuka kwenye lami nikate wapi, na hiyo njia gari inapita?" Akishajibiwa ndiyo anawasha kidude.

Kama na wewe kimeshakuingiza chaka, tuambie hapo chini ilikuwa wapi ili wengine wapaepuke. Safari njema wadau.