Ngoma Moja, Spika Mia

Mwaka 1902 maafisa wa serikali ya Waingereza waliwanyang'anya Wapokomo ngoma yao, ngadji. Tangu 1908 iko British Museum, London, stoo, wala haijawahi kuwekwa mbele ya watazamaji. Wengi huisimulia habari hii kama kesi ya mali iliyoibwa, na ni kweli iliibwa. Mimi naisoma pia kama kesi ya saundi.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Vijiji vya Wapokomo vimejipanga kandokando ya mto Tana, kimoja baada ya kingine. Ngadji iliwaita watu kwenye ibada, ilhali wengi wao hawakuruhusiwa hata kuiona. Walioijua kwa macho ni wachache mno. Iliyowafikia wengine ni ngurumo. Sauti nzito hupenya miti na majani kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo chombo kimoja kilichofichwa kiliweza kuwafikia watu wengi. Na kwa kuwa hukioni, utamuuliza nani kwa nini unaitwa? Unaitika tu. Ndiyo maana, naona mimi, Waingereza hawakuhitaji kuivunja. Kuihamisha kulitosha.

Siku hizi fundi wa saundi akitaka kufikia umati hafuati njia hiyo. Uwanjani, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Spika moja kubwa itawatoboa masikio walioko mbele, na wa nyuma bado watakuwa wanaulizana, "Amesema nini?" Basi anatawanya spika ndogo nyingi, mara nyingi kwa laini ya volti 100 ili waya mrefu usile nguvu yote. Halafu inakuja ile sehemu ambayo watu huiruka: kuchelewesha. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, lakini kwenye waya hufika papo hapo. Kwa hiyo spika iliyo mita 100 kutoka jukwaani lazima isubiri karibu sekunde 0.3, ili sauti mbili zifike sikioni pamoja. Niliwahi kubeba spika kwenye mkutano wa siasa hapa Garsen, na hakuna aliyechelewesha chochote. Kila neno la mheshimiwa lilikuja mara mbili. Hata ahadi.

Mwaka 1963, kamati ya watu 5 ikitafuta wimbo wa taifa, tuni ilipatikana huku huku Tana River, kwa Mzee Meza Moroa Galana. Ulikuwa wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Wimbo kama huo kazi yake ni kutoka kifuani kwa mama hadi sikioni mwa mtoto mmoja, basi. Ukapewa bendi, ukapelekwa stediamu, paredi za shule, redioni, hadi kumbi za sinema Nairobi ambako watu husimama kabla filamu haijaanza.

Yaani ngoma iliyoundwa ifike mbali imefungiwa, na wimbo wa kulaza mtoto umepewa spika za nchi nzima.

Wapokomo bado wanaidai ngadji. Siku ikirudi, kuna atakayependekeza iwekwe kwenye kabati la kioo, na taa juu yake. Hapo itaonekana na kila mtu na haitasikika na yeyote, kinyume kabisa cha ilivyokusudiwa.