Jeshi la Maji Likitazamwa Kutoka Marani

Ukisoma historia ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, utadhani yote yalianzia Mombasa na kuishia huko huko: kambi ya Mtongwe, gwaride, meli za doria. Mtu wa Marani, huku Kitutu, analijua Ziwa Viktoria zaidi kwa omena zinazopimwa kwa gorogoro siku ya soko. Ana haki ya kuuliza mambo ya meli za kivita yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu Septemba 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipanda milima hii vikitokea ziwani.

Wajerumani waliingia kutoka upande wa Karungu, ukingoni mwa ziwa, wakauteka mji wa Kisii. Waingereza wakawapakia askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi lao la kikoloni, kwenye meli kule Kisumu, wakawashusha bandari ya Kendu, na kutoka hapo ikawa ni kupanda kwa miguu. Tarehe 12 Septemba pande mbili ziliumizana vibaya. Kapteni Thorneycroft aliuawa, na mwisho wa yote kila upande ukarudi nyuma ukidhani mwenzake ndiye aliyebaki na nguvu. Wenyeji walipoona wakubwa wote wametoweka, waliingia mjini na kwenye misheni wakabeba walichotaka. Adhabu iliwafuata baadaye, na haikuwa ndogo.

Ziwani nako, Winifred na Kavirondo zilikuwa zikikabiliana na Muansa, tagi la Wajerumani. Winifred haikuwa manowari hata kidogo. Ilikuwa meli ya abiria na mizigo ya Reli ya Uganda, iliyoundwa Paisley, Uskoti, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa tena Kisumu. Vita vilipozuka ikafungwa mizinga. Juni 1915 meli za reli zilibeba jeshi zima kwenda kuishambulia Bukoba. Huo ndio utaratibu wa Kiingereza wa vita vya majini katika sura yake ya wazi kabisa: chombo kinatoka mbali, mwenyewe ni serikali, na anayekitumikia hupangwa kwa amri na kulipwa mshahara.

Lakini ziwa hilo hilo lilikuwa na utaratibu mwingine, mkongwe zaidi. Kabaka wa Buganda alikuwa na mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea. Mkuu wa mitumbwi hiyo, Gabunga, alitoka ukoo wa Mmamba, na makasia yalishikwa zaidi na watu wa visiwa vya Ssese. Mwaka 1875 msafiri Stanley alihesabu mitumbwi 230 ya Kabaka Mutesa ikienda kupigana na Wavuma. Wingi huo haukuleta ushindi rahisi, kwani Wavuma walikuwa watu wa visiwani waliozaliwa na kukulia majini, na walimsumbua Kabaka kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Pwani nao walishona. Mtepe wa Lamu uliungwa kwa kamba za makumbi, bila msumari. Na huko pia ujuzi wa maji ndio uliokata shauri. Vita vya Shela, yapata mwaka 1812, Wapate na Wamazrui wa Mombasa walishuka ufukweni kuipiga Lamu. Waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Wengi walichinjwa hapo hapo, karibu na majahazi ambayo hayangeweza kwenda popote.

Niseme ninavyoona: tumezoea kuisifu mila ya ziwani na ya pwani, na kuikejeli ile ya Mwingereza kuwa ni ya kuazima. Ukiwa Marani hesabu inageuka. Ubaharia wa Ssese na wa Lamu ulipatikana kwa kuzaliwa. Masimulizi ya Abagusii yanasema wazee wao waliwahi kukaa Goye, Yimbo, ukingoni mwa ziwa, kisha Kano, kabla ya kuligeuzia maji kisogo na kupanda huku. Vita walivyovijua ni vya nchi kavu, vya vijana wa ebisarate, kambi za ng'ombe, waliolala na mifugo na mikuki yao. Kwa Gabunga kijana wao angekuwa mgeni, na nahodha wa Pate asingemkabidhi usukani. Mlango pekee aliopata ni ule wa ofisi na orodha ya makurutu.

Mlango huo ulichelewa kufunguka. Kikosi cha Wanamaji cha Afrika Mashariki kiliundwa 1950, kikapewa jina la kifalme 1953, kikavunjwa 1962. Jeshi la Wanamaji la Kenya likazaliwa tarehe 12 Desemba 1964, siku nchi ilipokuwa jamhuri, ila maafisa wa Kiingereza waliliongoza mpaka Mkenya, Kimaro, alipolishika 1972. Meli za mwanzo ziliitwa Simba, Chui na Ndovu, wanyama wa mbugani wakapewa bahari. Zikafuata Madaraka, Jamhuri na Harambee, halafu Nyayo na Umoja. Mwaka 2000 Joseph Kibwana akawa mwanamaji wa kwanza kuwa Mkuu wa Majeshi, na Septemba 2012 wanajeshi wa Kenya wakashuka ufukweni Kismayu, Somalia, usiku. Hapo kupwa na kujaa kwa maji kulikuwa na maana ile ile iliyowaua watu Shela.

Leo kurutu wa jeshi la maji huanzia Eldoret, juu kabisa, mbali na bahari yoyote. Uwanjani kwao alipimwa urefu, akakaguliwa meno na nyayo, akakimbizwa. Ukoo wake haukuwa sifa ya kuingilia. Huo ni usawa wa kweli, wala si mdogo.

Lakini gharama ya utaratibu huo wa amri na ofisi imeangukia ziwani. Mzozo na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo ulipopamba moto 2009, wavuvi wa Kenya waliwategemea polisi, huku manowari zikiwa upande wa pili wa nchi. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichozinduliwa Novemba 2018 kimepewa pia maziwa kuyalinda, lakini kilizinduliwa Liwatoni, Mombasa, na hata jina lake ni la pwani. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni, pamoja na ubaya wake wote, ilijua kwamba atakayeshika Kendu na Karungu ndiye atakayeamua nani analala Kisii.