Usafi na utunzaji wa gari

Usafi na utunzaji wa gari ni kazi ya kuondoa uchafu katika nyuso za nje na za ndani za gari, na kuzikinga nyuso hizo zisiharibiwe na jua, maji, chumvi, vumbi na kemikali. Kazi hiyo inahusu bodi iliyopakwa rangi, vioo, taa, rimu na sehemu ya chini ya gari, pamoja na viti, mazulia, dashibodi, usukani na mikanda ya usalama.

Watu wengi huosha gari ili lipendeze. Hata hivyo kuna sababu nyingine zenye uzito zaidi. Uchafu unaoshika unyevu huharakisha kutu, kioo chenye utando wa mafuta humpunguzia dereva uwezo wa kuona usiku, na zulia lenye unyevu huotesha kuvu. Kwa upande mwingine, gari likioshwa vibaya linaweza kuharibika kuliko lingeachwa na vumbi lake.

Muundo wa rangi ya gari

Bodi ya magari mengi imetengenezwa kwa bati la feleji. Kiwandani bati hilo hupakwa matabaka kadhaa. Kuanzia chini ni haya:

1. Tabaka la kuzuia kutu. Bodi nzima huzamishwa katika birika kubwa la rangi, na umeme hutumika kuifanya rangi ishike kila pembe.
2. Praima, yaani rangi ya msingi inayosawazisha uso.
3. Rangi yenyewe inayoonekana kwa macho.
4. Tabaka la juu lisilo na rangi. Hili ndilo linaloleta mng'aro na kupunguza madhara ya mionzi ya urujuanimno ya jua.

Kwa kawaida matabaka yote kwa pamoja yana unene wa mikromita 100 hadi 150 hivi, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Tabaka la juu peke yake lina mikromita 40 hadi 50 hivi, na kwa hiyo ni jembamba kuliko unywele wa binadamu. Kila mkwaruzo na kila kusugua kwa polishi hupunguza tabaka hilo. Likiisha, rangi iliyo chini yake hupauka na kuanza kubanduka.

Historia

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 magari yalipakwa rangi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ilichukua siku nyingi hadi majuma. Gari la Ford Model T lilitolewa kwa rangi nyeusi tu kuanzia mwaka 1914 hadi 1925. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kutumia rangi ya Duco iliyotengenezwa na DuPont. Rangi hiyo ilipuliziwa na kukauka kwa muda mfupi, ikawezesha magari ya rangi mbalimbali kutengenezwa kwa wingi. Rangi za zamani zilipoteza mng'aro upesi, ndiyo maana wenye magari walizoea kuzisugua na kuzipaka nta mara kwa mara. Tabaka la juu lisilo na rangi lilienea katika viwanda kuanzia miaka ya 1980.

Uchafu unaodhuru rangi

Uchafu wote haulingani kwa madhara.

- Vumbi na mchanga: chembe zake nyingi ni ngumu kuliko rangi. Kufuta gari kavu lenye vumbi kwa kitambaa ni sawa na kulipiga msasa laini. Mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana juani, hasa kwenye magari meusi, hutokana na tabia hiyo.
- Kinyesi cha ndege: kina asidi ya uriki. Kikikaa juu ya bodi yenye joto la jua, huacha alama ya kudumu, pengine ndani ya siku moja. Kinatakiwa kuloweshwa kwa maji na kuinuliwa taratibu, si kukwanguliwa kikiwa kikavu.
- Utomvu wa miti: hugandamana na kuvuta rangi unapokauka. Kuegesha gari chini ya mwembe kunalikinga na jua, lakini kunaliachia utomvu na kinyesi cha popo na ndege.
- Lami: vitone vyake hurushwa na matairi kwenye barabara mpya. Huyeyuka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha mahali hapo huoshwa mara moja kwa sabuni.
- Chumvi: huletwa na upepo wa bahari katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Katika nchi za baridi chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu.

Kuosha sehemu ya nje

Gari huoshwa likiwa kivulini na bodi yake ikiwa imepoa. Juani maji na sabuni hukauka upesi na kuacha madoa ya chokaa. Pia breki zenye moto hazimwagiwi maji ya baridi, kwa sababu sahani zake zinaweza kupinda.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Rimu na matairi huoshwa kwanza, kwa brashi na ndoo yake ya pekee. Vumbi la breki lina chembe za chuma ambazo hazitakiwi kufika kwenye bodi.
2. Gari zima humwagiwa maji kuanzia paani ili mchanga uliolegea uondoke kabla ya kuguswa.
3. Bodi huoshwa kwa kitambaa laini kuanzia juu kwenda chini. Sehemu ya chini ya milango na bampa huwa za mwisho kwa kuwa ndizo zenye mchanga mwingi.
4. Hutumika ndoo mbili: moja yenye sabuni, nyingine yenye maji matupu. Kitambaa husuuzwa katika ndoo ya maji kabla ya kurudishwa kwenye sabuni. Baada ya kazi, mchanga unaoonekana chini ya ndoo ya pili ni ule ambao ungesugua rangi.
5. Gari husuuzwa kabla sabuni haijakauka.
6. Hukaushwa kwa taulo safi au kitambaa cha nyuzi ndogo. Kitambaa kilichoanguka chini hakitumiki tena kabla ya kufuliwa.

Sabuni inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia ina alkali nyingi, nayo ikitumika mara kwa mara huondoa nta na kukausha raba za milango na vioo. Sabuni ya vyombo pia huondoa nta, ingawa ikitumika mara mojamoja haileti madhara makubwa.

Mashine ya presha huokoa muda, lakini mdomo wake unatakiwa kuwa umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye bodi. Ikisogezwa karibu hubandua rangi iliyokwisha kupata ufa, hujeruhi ubavu wa tairi na kupinda mapezi membamba ya rejeta.

Baada ya kuosha, breki zikiwa na maji hushika kwa kuchelewa. Dereva hutakiwa kuzikanyaga kidogo mara chache akiwa katika mwendo mdogo kabla ya kuingia barabara kuu.

Polishi na nta

Polishi na nta huchanganywa katika mazungumzo, lakini kazi zake ni tofauti. Polishi ina chembe laini zinazokwangua sehemu ndogo ya tabaka la juu ili kusawazisha mikwaruzo. Nta haikwangui kitu, bali huacha utando juu ya rangi ili maji na uchafu visishike. Kwa hiyo nta inaweza kupakwa kila baada ya miezi michache, lakini polishi haifai kuwa desturi ya kila mwezi.

Nta mashuhuri ni ya karnauba, inayotokana na majani ya mnazi-pori wa kaskazini-mashariki mwa Brazil. Siku hizi zipo pia dawa za kupaka zenye dioksidi ya silikoni, ambazo hudumu muda mrefu zaidi ya nta.

Kutu na sehemu ya chini

Kutu hutokea chuma kinapokutana na oksijeni na maji. Chumvi huongeza uwezo wa maji kupitisha umeme, na hivyo huharakisha mmenyuko huo. Mara nyingi kutu haianzii mahali panapoonekana. Huanzia ndani ya matao ya magurudumu, kwenye maungio ya bati na chini ya milango.

Milango ina vitundu vidogo kwenye ukingo wake wa chini ili maji ya mvua yatoke. Vitundu hivyo vikizibwa na matope, maji hukaa ndani na mlango huoza kuanzia ndani. Kuvizibua kwa kijiti hakuhitaji gharama yoyote, lakini husahaulika sana.

Magari mengi ya Afrika Mashariki huagizwa yakiwa yametumika katika nchi kama Japani na Uingereza. Gari lililopita barabara zenye chumvi ya majira ya baridi linaweza kung'aa juu huku chini limeliwa na kutu. Mnunuzi hushauriwa kulikagua likiwa limeinuliwa.

Baadhi ya waoshaji hupulizia oili chafu au dizeli chini ya gari ili kuzuia kutu. Mafuta hayo huharibu bushi na raba nyingine, hunasa vumbi na huchafua udongo. Kinachofaa ni kusuuza sehemu ya chini kwa maji baridi baada ya safari ya ufukoni au ya matope, na kutumia dawa ya kuzuia kutu iliyokusudiwa kazi hiyo.

Vioo na taa

Ndani ya kioo cha mbele hujitokeza utando mwembamba kutokana na mvuke wa plastiki, moshi na mikono. Mchana hauonekani sana, lakini usiku taa za gari linalokuja huutawanya mwanga wake na kumtia dereva kiwi. Utando huo huondolewa kwa maji yenye siki kidogo na kitambaa safi, kisha kioo hukaushwa kwa kitambaa kingine. Kioo chenye karatasi ya kupunguza mwanga hakisafishwi kwa dawa yenye amonia, kwa sababu huiharibu karatasi hiyo. Mipira ya waipa nayo hufutwa ili mchanga usikwaruze kioo.

Taa za magari ya kisasa zimefunikwa kwa plastiki ya polikaboneti, ambayo hugeuka manjano kwa jua. Dawa ya meno hurudisha uangavu kwa muda mfupi tu. Dawa ya kudumu zaidi ni kusugua kwa msasa laini wa maji, kupiga polishi, na kupaka tena tabaka la kuzuia mionzi ya jua. Bila tabaka hilo manjano hurudi.

Sehemu ya ndani

Ndani husafishwa kuanzia juu. Vumbi la dashibodi hufutwa kwanza, kisha viti, na mwisho mazulia, ambayo hukung'utwa au kufyonzwa kwa mashine.

- Dashibodi na usukani: kitambaa chenye maji kidogo na sabuni hafifu hutosha. Mafuta ya kung'arisha plastiki huakisi mwanga kwenye kioo cha mbele. Yakipakwa kwenye usukani au pedeli huteleza na yanaweza kusababisha ajali.
- Viti vya kitambaa: husuguliwa kwa povu badala ya kumwagiwa maji, kwa sababu sifongo la ndani huchelewa kukauka.
- Viti vya ngozi: hufutwa na kupakwa mafuta maalumu ya ngozi ili visipasuke.
- Mikanda ya usalama: huvutwa yote na kufutwa kwa sabuni hafifu. Dawa ya klorini na vimumunyisho vikali hudhoofisha nyuzi zake, na udhaifu huo hauonekani kwa macho hadi siku ya ajali.
- Mazulia: wakati wa masika hutolewa na kukaushwa juani. Harufu ya uvundo inayorudi kila mara huonyesha maji yaliyonaswa chini ya zulia, ambako kutu na kuvu hustawi pamoja. Manukato huficha harufu lakini hayaondoi chanzo chake.

Maji, mazingira na afya ya waoshaji

Mpira unaotoa lita 15 kwa dakika, ukiachwa wazi kwa dakika 10, humwaga lita 150. Ndoo tatu za lita 20 ni lita 60 tu, nazo hutosha kwa gari dogo.

Maji yaliyotumika hubeba mafuta, sabuni na chembe za metali. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kituo bora cha kuoshea magari huwa na sakafu ya zege na shimo la kutenganisha mafuta kabla maji hayajatoka.

Hatari ya kuoshea magari ziwani humpata kwanza mwoshaji mwenyewe. Huko Kisumu, Kenya, vijana wameosha magari kwa miaka mingi kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria wakiwa wamesimama majini. Maji hayo yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea huingia mwilini kupitia ngozi isiyo na jeraha lolote. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamewafuatilia waoshaji hao ili kuelewa maambukizi ya kichocho cha tumbo. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo waliomo mwilini, lakini haimkingi mtu anayerudi majini kesho yake. Kuteka maji na kuosha gari nchi kavu, huku mwoshaji amevaa buti za mpira, hupunguza maambukizi na pia huzuia mafuta kuingia ziwani.

Tazama pia

Gari
Kutu
Kichocho
Ziwa Viktoria