Kinyago Hakimtishi Aliyekichonga



Wapendwa Taifa la Mungu, wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Msemo huu unapata uzito wa pekee tukiwatazama Wamakonde, wa kusini mwa nchi yetu na wa kaskazini mwa Msumbiji, na ngoma yao ya mapiko. Mchezaji huvaa kichwa cha mti mwepesi chenye sura ya mtu, mara nyingi kikiwa na nywele halisi, naye huona kupitia uwazi wa kinywa. Mwili wake wote hufunikwa kwa nguo. Kwa mapokeo, wanawake na watoto waliambiwa kuwa huyo ni mzimu. Jandoni kijana alifunuliwa siri: ndani yumo mtu. Kukua kulikuwa kuvuka kutoka hofu kwenda ufahamu.

Wamisionari wengi waliona humo upagani mtupu. Wengine walichunguza kwanza. Huko Masasi, Mwanglikana Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1926, aliunda jando la Kikristo badala ya kulifuta la kale. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Ad Gentes ya mwaka 1965, ulifundisha kuwa mema yaliyomo katika desturi za mataifa yasipotee, bali yatakaswe na kuinuliwa. Huo ndio utamadunisho.

Wageni nao walitambua thamani ya vinyago hivyo. Mwaka 1984 kimoja kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kilirudishwa mwaka 2010, miaka 26 baada ya wizi.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuna mapiko. Tunayo kumbukumbu ya ng'ombe wa chuma wa watawala wa Bweranyange, na majumbani vimebaki vitu vya wazee. Mwenye bidii ya imani huvichoma. Mwenye shida huviuza. Ibada ni kwa Mungu peke yake, na hilo halina mjadala. Lakini kabla ya kuwasha moto au kupokea fedha, tumwulize mzee angali hai: kitu hiki kilifundisha nini? Kinachopingana na Injili tukiache. Kilichofundisha heshima na ujasiri tuwarithishe watoto, kwa maana majivu hayarudishwi na makumbusho yoyote.