Makobola: pave gani inaweza kubeba Fuso kwenye antre ya parseli?

Makobola, kusini ya Uvira kwenye RN5, mvua ya saa moja inatosha kuonyesha antre gani ilitengenezwa vizuri na gani ilipambwa tu. Maji yanashuka toka mlimani kuelekea ziwa, yanavuka barabara, na parseli ambayo iko chini ya barabara inayapokea moja kwa moja mlangoni. Gari ikipita hapo mara mbili tatu, panabaki mashimo na matope. Ndiyo maana watu wengi wanaojenga wanataka kuweka pave toka barabarani mpaka mbele ya nyumba.

Shida ni kwamba pave nyingi zinachaguliwa kwa macho. Mtu anaona ukutani kwa fundi pave ya rangi nyekundu, yenye umbo la kupendeza, anauliza bei, anapakia. Baada ya masika moja zingine zimepasuka, zingine zimezama, na makuta ya mwaka mzima yamekwenda. Simenti hapa inatoka mbali, kwa boti toka Kalemie na Tanzania ao kwa barabara toka Burundi. Hakuna familia inayoweza kuifanya kazi hii mara mbili.

Kitu cha kwanza si pave, ni gari. Na si gari ya mwenye nyumba. Wengi wanasema: mimi niko na moto tu, pave nyepesi inatosha. Lakini ile Fuso inayoleta mchanga, mawe, mbao ao magunia ya mihogo, itaingia wapi? Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walipitisha malori usiku na mchana kwenye barabara za majaribio karibu na Ottawa, jimbo la Illinois, wakapima uharibifu. Waliona kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, uharibifu unakuwa karibu mara 16. Tukilinganisha ekseli ya gari ndogo yenye kilo 750 na ekseli ya nyuma ya Fuso iliyobeba, tuseme tani 5, safari moja ya Fuso inaumiza antre karibu sawa na safari 2,000 za ile gari ndogo. Kwa hiyo Fuso ya mara moja kwa mwezi ndiyo ya kuhesabiwa. Moto ya kila siku haina neno.

Kwa unene, kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni hii: pave ya sentimita 6 ni ya watu, moto na gari ndogo, ya sentimita 8 ni kwa mahali ambapo lori linaingia. Kenya, ambako pave hizi wanaziita kabro, wanauza kwa vipimo hivyohivyo. Ya sentimita 4 inafaa uani, kwenye njia ya kwenda choo, si zaidi.

Tofauti ya gharama ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Tuchukue antre ya mita 3 kwa 10. Kwa mchanganyiko wa kilo 400 za simenti kwa kila mita moja ya ujazo, pave za sentimita 6 zitakula mifuko 14 ao 15 ya kilo 50. Za sentimita 8 zitakula 19 ao 20. Ni mifuko mitano. Yule ambaye mifuko hiyo inamshinda, ni afadhali aweke pave za sentimita 8 kwenye mita tano za kwanza, pale tairi inapokata kona toka barabarani, na sehemu iliyobaki aache changarawe iliyoshindiliwa. Kuliko kutandika pave nyembamba parseli nzima.

Unene peke yake haumalizi kazi, juu pave nene ya simenti kidogo ni biskuti. Kwa bahati nzuri mtu anaweza kupima bila laboratware, kwa mizani ya sokoni. Pave ya sentimita 20 kwa 10, yenye unene wa 8, inapaswa kuwa na kilo 3.6 ao 3.7 hivi. Ikiwa na kilo 3.2, ndani kuna matundu: haikushindiliwa vizuri kwenye kalibu. Ya unene wa 6, ukubwa uleule, ikaribie kilo 2.7. Kisha achukue pave moja kavu, aipime, ailaze ndani ya maji usiku mmoja na mchana mmoja, aipanguse na kuipima tena. Kanuni ya Ulaya ya pave za simenti haipendi zinyonye zaidi ya asilimia 6 ya uzito wake. Kwa pave ya kilo 3.7, hiyo ni gramu 220 tu. Kanuni hiyo inapima kwa siku nyingi na kwa tanuri, lakini pave inayokunywa gramu 400 kwa usiku mmoja haihitaji maabara kuikataa.

Kuna vipimo vya haraka pia: kugonga pave mbili pamoja, sauti ikiwa kali kama ya chungu kizima ni nzuri, ikiwa nzito kama ya udongo si nzuri, kukwaruza na msumari, usitoe unga. Na aombe fundi avunje moja mbele yake. Fundi mwenye kazi safi hakatai. Ndani pawe na kokoto zilizopasuka katikati pamoja na simenti, si kokoto zilizochomoka nzima kama mbegu.

Anayetaka kutengenezesha nyumbani, mchanganyiko ni ndoo moja ya simenti, moja na nusu ya mchanga, tatu za kokoto ndogo zisizopita sentimita moja. Maji ndiyo yanayoharibu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosheka na bidoni moja ya lita 20, na pungufu kama mchanga umelowa. Kijana wa kazi anapenda kuongeza maji juu inakuwa rahisi kukoroga. Hapo nguvu inakwisha palepale. Kisha pave zikae kivulini, zifunikwe magunia ao majani ya migomba, zimwagiwe maji siku saba. Gari isipite kabla ya siku 28. Kwa jua la kiangazi la Uvira, pave iliyoachwa wazi siku ya kwanza inakauka kabla ya kukomaa.

Matofali ya kuchoma hayafai chini ya tairi, hata yakipendeza namna gani. Mawe ya mto yaliyo ya mviringo nayo hayashikani, yanazunguka. Mawe yaliyochongwa ni kitu kingine: Bujumbura kuna mitaa mizima iliyopangwa mawe hayo na malori yanapita. Lakini yachaguliwe yale magumu, si yale yanayofunguka kwa matabaka kama kitabu.

Sasa chini ya pave, ambako ndiko antre nyingi zinafia. Pave haibebi Fuso, inapeleka tu uzito chini. Udongo wa juu wenye mizizi utolewe wote, kisha ziwekwe sentimita 20 za changarawe ao mawe yaliyovunjwa, kwa matabaka ya sentimita 10, kila tabaka lilowanishwe kidogo na kushindiliwa mpaka mguu usiache alama. Mashine hakuna? Gogo zito lenye mikono miwili linafanya kazi, ila watu wachoke kweli. Kipimo kizuri kabisa ni ile Fuso yenyewe iliyoleta changarawe: ikirudi na mzigo mwingine, ipite polepole juu ya msingi. Mahali tairi inazama, pachimbwe upya. Kupajua leo ni bure.

Juu ya msingi huo unakuja mchanga wa sentimita 3, si 10. Mafundi wengine wanasawazisha mabonde kwa mchanga, na hayo mabonde yanarudi. Pave zipangwe zikikatana kama mifupa ya mukeke, si kwa mistari inayofuata tairi, kwa sababu mistari inasukumwa. Pembeni kuwe na bordiri ya beto iliyozikwa. Bila bordiri, pave za kando zinatembea, nafasi zinafunguka, mchanga unatoka.

Maji yatafute njia kabla hayajaitafuta yenyewe. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha, uelekee kando, si mlangoni. Na pale antre inapovuka mfereji wa RN5, iwekwe buze pana ya kufagilika. Wako wanaojaza mfereji kwa mawe na udongo ili gari ipite. Maji yakikosa njia yanaingia kwa jirani, na magomvi ya namna hiyo hayaishi upesi. Tangu mafuriko ya mto Mulongwe mjini Uvira mwezi wa nne 2020, hakuna anayeweza kusema hakujua maji ya mlima yana nguvu gani.

Kwa parseli za chini kabisa, karibu na ziwa, ushauri ni tofauti. Maji ya Tanganyika yalipanda sana 2020 na 2021, tena 2024, na huko ukichimba nusu mita unakuta maji. Msingi uliolowa toka chini hauokolewi na unene wa pave. Hapo changarawe nene inatosha, na pesa ya pave iende kuinua nyumba. Mchanga usichotwe kwenye ukingo uleule wa ziwa, kwa sababu ukingo huo ndio unaoilinda parseli.

Pave zina uzuri mmoja ambao sakafu ya beto haina: mahali pakizama, ao bomba la maji likipasuka chini, zinatolewa, msingi unatengenezwa, zinarudishwa zilezile. Kwa hiyo wakati wa kununua ziongezwe ishirini ao thelathini za kalibu ileile, ziwekwe nyuma ya nyumba. Fundi akibadilisha kalibu mwaka kesho, mpya hazitaingia.